Duka Lililokaa Matanga

Bi Naima wa Biharamulo mjini alikuwa na watoto wanne, na kazi za watatu aliweza kuzieleza. Wa kwanza aliuza vitenge, wa pili saruji, wa tatu vitenge na saruji. Ugumu ulikuwa kwa kitinda mimba wake, Asmaa. "Anauza asali ya watu wa Runazi," Bi Naima aliwaambia mashoga zake, "lakini asali yenyewe sijaiona ikiingia humu ndani, na hilo duka sijawahi kulifagia. Yeye anasema lipo."

Lilikuwepo. Lilikuwa kwenye mtandao, mali ya Ushirika wa Tujikwamue, wafuga nyuki na wakulima wa maharage wa Runazi. Mfadhili mmoja aliwaachia vitu vitatu kabla ya kuondoka: bango, sola, na tovuti. Bango lilifutwa na mvua. Sola ilihamia kwa katibu "kwa uangalizi", na ikaangaliwa vizuri sana, hasa wakati wa taarifa ya habari. Tovuti akapewa Asmaa, kwa kuwa alisomea kompyuta Mwanza miaka miwili, na kwa kuwa siku ya makabidhiano ni yeye peke yake aliyeuliza paswedi ni ipi.

Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyokubali kusema. Ukoo wao ulitoka Pangani na mzigo wa kanga enzi za babu, na tangu hapo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyekula bila kusimama nyuma ya kaunta. Baba yake, Mzee Anuari, alikuwa ameshamwekea stuli kwenye kona ya duka la vitenge, karibu na mkasi na futi. Hakumsema wala hakumlazimisha. Aliiweka tu, na kila asubuhi aliipangusa vumbi. Mkataba wa Asmaa na ushirika ulijadiliwa na kamati kila mwaka, na kila mwaka ukikaribia kikao, stuli ile ilipanguswa mara mbili.

Mfumo wa tovuti uliandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia kompyuta. Lugha hiyo ina adabu zake: mstari ukisogea kulia kwa nafasi moja isiyotakiwa, mfumo mzima unanuna, na unakwambia umenuna wapi kwa maneno ambayo hayakusaidii. Asmaa aliizoea. Kwa upande mmoja mfumo ulibeba kurasa za habari, kwa upande wa pili duka lenye kikapu cha kutilia bidhaa. Ulikuja ukiwa tayari kwa kazi. Lakini haukuwa tayari kwa kamati.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bulugu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake kutoka upande wa Shinyanga, akagundua kuwa nyuki wanasikia kuliko ng'ombe. Katibu alikuwa Pancras, mwalimu mstaafu, ambaye jambo lisipoandikwa kwenye muhtasari haamini kuwa limetokea, hata kama limemmwagikia. Mhazini alikuwa Mama Felisita, aliyekuwa hasemi sana, na akisema kikao kinaahirishwa.

Katika kikao cha kwanza, Katibu Pancras alifungua tovuti kwenye simu yake, akakunja uso. "Mtu anaingia dukani kwetu hasalimiwi? Huu ni ustaarabu wa wapi?"

Walijadili kwa saa mbili. Hoja ngumu ilikuwa nani amwamkie nani, maana mgeni anaweza kuwa mzee wa miaka sabini au kijana wa sekondari. Hatimaye Mama Felisita akasema tovuti yenyewe ina miaka miwili tu, kwa hiyo mdogo anajulikana. Asmaa akarudi mjini, akaandika. Tangu siku hiyo, kila aliyefungua ukurasa alikutana na neno "Shikamoo", na chini yake kitufe cha "Marahaba". Asiyebonyeza hakupita. Vijana wa sekondari, ambao hawajawahi kuamkiwa na kitu chochote, walikuwa wakiingia mara kumi kwa siku.

Kikao cha pili kilikuwa cha bei. Mama Felisita alisema bei isiyopungua ni bei ya mtu aliyenuna, na yeye hawezi kununua kwa mtu aliyenuna. Asmaa akaweka kitufe: "Punguza kidogo, mama." Kila kikibonyezwa, bei ilishuka. Alisahau kuweka mahali pa kukomea. Mtu mmoja wa Bukoba, mwenye subira ya ajabu, alibonyeza asubuhi nzima mpaka ikafika mahali ushirika ndio umlipe yeye ili aichukue asali. Asmaa aliona, akashika kichwa, akarekebisha. Sasa ukibonyeza mara tatu tovuti ilijibu, "Hiyo ndiyo ya mwisho, mwanangu." Na hapo ndipo asali ilipoanza kuuzika kwelikweli, kwa sababu watu hununua kwa raha wakishashindwa kwa heshima.

Kikao cha tatu kilikuwa kizito. Jirani yao mmoja alifariki, na wakati jeneza linashushwa, simu ya Katibu ililia mfukoni: mteja wa Ngara ameagiza asali lita tano. Watu wote makaburini waligeuka. Mzee Bulugu hakulala vizuri. "Jeneza linashuka, sisi tunauza asali," alisema kikaoni. "Duka gani linalofunguliwa wakati wa msiba? Hata la baba yake huyu binti, Mwarabu wa Pangani, hufungwa."

"Sisi si Waarabu, mzee," alisema Asmaa.

"Lakini mnafunga."

"Tunafunga."

Basi kukatungwa sheria. Kwenye ukurasa wa msimamizi, pale Asmaa anapopangia bidhaa, kikawekwa kisanduku kidogo kiitwacho "Msiba". Mwenyekiti akitia tiki, duka lote linafungwa, na mbele linatokea tangazo lenye jina la marehemu. Mwenye kuitoa tiki ni yule aliyeitia, si mwingine, kwa kuwa, alivyosema Katibu huku akiandika, haiwezekani mtu amwanulie mwenzake matanga. Asmaa alifungua akaunti ya mwenyekiti kwenye simu ya Mzee Bulugu, akamwonyesha pa kugusa. Na tangazo? Tiki ikitoka, nalo lifutike, duka liendelee. Hilo hakuna aliyelijadili. Asmaa alilipanga mwenyewe kwa mstari mmoja, akaona amemaliza kazi safi.

Kisanduku kilitumika mara nne bila shida. Wanazika leo, kesho tiki inatoka, keshokutwa mtu wa Bukoba anabonyeza "Punguza".

Mara ya tano alifariki Kwandu, mke wa Mzee Bulugu.

Alikuwa mgonjwa, lakini hakuwa mgonjwa wa kufa, na ndiyo maana kila mtu alishtuka. Mzee Bulugu mwenyewe alitia tiki kwa kidole chake. Tangazo likatokea: "Tumefungwa kwa msiba wa Mama Kwandu, mke wa Mwenyekiti wetu. Tunawaombeni radhi na tunawapeni pole." Asmaa alilisoma, akalirekebisha herufi zilizokaa vibaya, akalipunguzia ukubwa likae sawa kwenye simu ndogo. Siku hiyohiyo seva iligoma, akashinda nayo. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu akamtumia mzee ujumbe wa pole kwa simu, akapanga kwenda Ijumaa. Ijumaa ikapita kama Ijumaa zinavyopita.

Watu walikaa matanga, wakaanua, wakarudi makwao. Duka halikuanua. Wiki ya pili, wiki ya nne, wiki ya sita, ukifungua tovuti unaamkiwa shikamoo, unaitikia marahaba, unaambiwa pole. Ndoo za asali zilijaa ghala la Runazi mpaka mlango ukawa unafunguliwa nusu. Wanachama wakaanza kunung'unika.

Katibu Pancras akampigia Asmaa. "Binti, kuna hitilafu kwenye mtandao."

"Hakuna hitilafu, Katibu. Kisanduku cha msiba bado kina tiki."

"Hiyo ndiyo hitilafu ninayoisema."

"Niitoe? Mimi naweza kuingia kwa nyuma nikaitoa sasa hivi."

"Wewe ni nani umwanulie Mzee matanga?"

"Basi mwambie mzee aitoe."

"Mimi?" alisema Katibu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa arine asali mchana kweupe bila moshi. "Mimi naongelea hitilafu ya kiufundi."

Mama Felisita naye alipopigiwa alisema hayo ni mambo ya mitambo, yeye si mtu wa mitambo. Wanachama nao kila mmoja alijua, na kila mmoja alikutana na Mzee Bulugu njiani, akamwamkia, akamuuliza habari za ng'ombe. Watu wazima mia moja na ushee walikubaliana bila kikao kwamba mtandao ni mbovu. Na mtandao ukiwa mbovu, mwenye mtandao anajulikana. Likatoka azimio: aletwe mtaalamu kutoka Mwanza, aichunguze tovuti, na taarifa yake isomwe Jumamosi, siku ileile ya kujadili mkataba wa Asmaa.

Mzee Anuari alisikia habari hizo dukani. Aliitoa stuli nje, akaigongelea msumari mguu uliokuwa unacheza.

Mtaalamu aliitwa Juvenali. Alizaliwa Kasulo, hapo jirani tu, akasoma Rulenge, na angebaki Kasulo asingepewa hata redio ya kutengeneza. Lakini sasa alitokea Mwanza, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Alifika na kompyuta mbili na begi lenye nyaya nyingi. Siku ya kwanza alisema mfumo ni wa zamani, akaupandisha toleo. Tovuti ikaanguka yote. Badala ya shikamoo ikatokea karatasi nyeupe yenye namba mia tano, ambayo ndiyo namba ya mfumo uliopigwa na kitu kizito. Aliihangaikia mpaka jioni, na ni Asmaa aliyemrudishia kwa nakala aliyokuwa ameihifadhi. Juvenali aliandika kwenye daftari: "Hitilafu ya kwanza imetatuliwa."

Siku ya pili alisoma maandishi ya Asmaa mstari kwa mstari. Kwenye shikamoo alitabasamu. Kwenye "Hiyo ndiyo ya mwisho, mwanangu" alicheka kabisa. Halafu akasimama.

"Huu mstari unaosema msiba, kazi yake nini?"

"Kufunga duka."

"Unaanza kazi wakati gani?"

"Mtu akifa."

Juvenali akaandika. "Na unaacha wakati gani?"

"Hapo ndipo tulipo," alisema Asmaa, kisha akamweleza amekufa nani, na tiki ni ya nani.

Ghafla mtaalamu wa Mwanza akawa mtu wa Kasulo tena, mtoto wa watu aliyefundwa. Aliifunga kompyuta yake taratibu. "Hapo mimi sigusi," alisema. Lakini taarifa lazima iandikwe, na taarifa haiwezi kusema kwamba mtaalamu ameogopa. Akaorodhesha hitilafu kumi na tatu, nyingine hata Asmaa alizikubali, na ya kumi na nne akaandika: "Chanzo hakijulikani. Inashauriwa mfumo mzima ubadilishwe, pamoja na msimamizi wake." Alimwonyesha kabla ya kuondoka, kwa aibu. "Samahani, dada. Ni lazima niandike kitu."

Alhamisi asubuhi Asmaa alikaa mbele ya kompyuta yake, kidole juu ya kitufe. Mguso mmoja na tiki ingetoka. Duka lingefunguka, ndoo zingetoka ghalani, Jumamosi angefika kikaoni na mauzo mkononi, na watu mia moja na ushee wangemshukuru Mungu kwa siri na kumlaumu yeye kwa sauti. Alikasirika. Alikasirika na Katibu na sola yake, na Mama Felisita, na hata na marehemu. Ili asiguse, akafungua kumbukumbu za seva, mahali mfumo unapoandika nani ameingia na saa ngapi, aone kama kuna mteja yeyote bado anakuja.

Alikuwepo mmoja. Kila siku alfajiri, saa kumi na mbili kasoro, mtu yuleyule aliingia, akaitikia marahaba, akabaki kwenye tangazo dakika tano au kumi, akatoka. Asmaa alishawahi kuiona mistari hiyo, akadhani ni mashine za kwenye mtandao zinazopita kukagua kurasa. Safari hii alisoma jina la akaunti. Lilikuwa "mwenyekiti".

Aliitazama ile safu ya alfajiri kwa muda. Kisha likamjia jambo lililomwasha uso kwa aibu akiwa peke yake chumbani: wiki saba hizi amelisoma jina la Kwandu kila siku, amelipima ukubwa, amelisogeza kulia na kushoto, na msibani hakufika.

Akajitanda kanga, akanunua sukari kilo mbili, akachukua bodaboda mpaka Runazi.

Mzee Bulugu alikuwa zizini. Asmaa alimwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuacha kukamua.

"Nimekuja kuhani, mzee."

"Msiba wa nani?"

"Wa mama."

Mzee alimaliza chuchu aliyokuwa ameshika, akanyanyuka, akanawa. "Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa, mzee. Naomba unisamehe."

"Habari ya kuchelewa si mbaya kama ya kutokuja. Kaa."

Akakaa. Hakuna aliyetaja tovuti. Mzee alimwambia jinsi Kwandu alivyokuwa akiwagombeza nyuki kama watoto, na nyuki wanatulia. Alimwambia alipenda chai ya moto isiyoweza kunywewa na mtu mwingine. Alisema mengi, kwa haraka, na Asmaa akatambua kuwa mtu huyu hajaulizwa kitu kuhusu mkewe tangu matanga yaanuliwe.

Mwishoni mzee akatoa simu kifuani. Tangazo lilikuwa limeshafunguka.

"Watu wote wameacha kusema pole," alisema. "Wananiuliza ng'ombe. Hapa tu ndio bado wanasema. Najua asali imejaa ghalani, mwanangu. Si mjinga mimi. Lakini nikitoa hii alama, jina lake linakwenda wapi?"

Asmaa alifikiri kumdanganya, akashindwa. "Linafutika, mzee."

"Nani alipanga lifutike?"

"Mimi."

Mzee Bulugu hakugomba. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeelezwa bei. Na hapo Asmaa akaiona hitilafu ambayo mtaalamu hakuiandika. Ilikuwepo kweli, tena ilikuwa yake, mstari mmoja aliouandika siku ile akaona ni kazi safi. Alipotaka kuondoka mzee alimfungia maziwa, na hakumuuliza atafanya nini.

Ijumaa aliandika tangu asubuhi. Python ilinuna mara tatu, akaibembeleza. Adhuhuri ilipofika, tiki ikitoka jina halifutwi tena: linahamia kwenye ukurasa wake lenyewe, ambao haukuwekwa kwenye orodha wala kutangazwa popote, na njia yake ya kuingilia akaituma kwenye simu moja tu. Akampigia mzee. "Sasa halifutiki," alisema. Hakuongeza neno kuhusu tiki.

Jumamosi kikao kilifanyika ghalani, watu wamekaa juu ya ndoo za asali. Juvenali alisoma hitilafu moja baada ya nyingine, na watu wakaitikia kwa vichwa kana kwamba kila moja iliwahi kuwauma wao binafsi. Alipofika ya kumi na nne sauti ilimpungua. Asmaa alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, anaifikiria stuli.

Mzee Bulugu aliomba miwani ya Mama Felisita. Akaivaa, akatoa simu, akatafuta mahali, akagusa mara moja kwa kidole gumba. Halafu akairudisha miwani.

Simu ya Katibu ikalia: mtu wa Bukoba. Alikuwa ameshaanza kubonyeza "Punguza".

Katibu Pancras aliandika kwenye muhtasari: "Mtaalamu alisoma taarifa yake, na hitilafu ikaondoka." Kisha akakohoa, akasema limebaki suala la msimamizi wa mtandao, na kwamba kutokana na mapendekezo ya kitaalamu...

"Huyu alikuja msibani," alisema Mwenyekiti.

Katibu alisubiri hoja iendelee. Haikuendelea. Alitazama huku na huku, kalamu juu. "Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Ndivyo Asmaa binti Anuari alivyoongezewa mkataba, na sababu yake imeandikwa, na humo ndani Python haikutajwa. Stuli ikabaki dukani. Siku hizi inakaliwa na wateja wenye kuchagua vitenge polepole.

Kila alfajiri aliendelea kufungua kumbukumbu za seva. Katikati ya wateja wa Ngara na Bukoba, mstari wa mwenyekiti uliendelea kuwepo, saa kumi na mbili kasoro, kwenye ule ukurasa usio kwenye orodha. Uliendelea mvua zote na kiangazi kikaanza. Asubuhi moja haukuwepo. Asmaa alikagua seva, ilikuwa nzima. Alikagua ukurasa, ulifunguka. Saa tatu akaona hawezi tena kusubiri, akapiga simu.

"Shikamoo mzee. Mzima?"

"Marahaba. Mzima kabisa, nakamua." Maziwa yalisikika yakigonga ndoo, kisha yakanyamaza. Aliposema tena ilikuwa kwa mshangao wa mtu aliyeshika mfuko akakuta mtupu. "Leo nimesahau, mwanangu."

"Pole, mzee," alisema Asmaa.